Mtoto wa Nyoka: Chanzo cha Ubaguzi Katika Mabepari wa Venisi

Wahenga wetu wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika mambo mengi ya maisha twaweza kuzitumia zote mbili bila taabu, leo hii na kesho ile. Lakini tunapouliza juu ya chanzo cha ubaguzi wa rangi hatuna budi kuchagua, maana methali hizo zatupa majibu mawili yanayopingana kabisa.

Kwa neno ubaguzi tunakusudia hukumu inayotangulia ushahidi: mtu kudharauliwa, kuchukiwa au kunyimwa haki kwa sababu ya rangi yake au asili ya wazee wake, kabla hajatenda neno lolote, jema wala baya. Je, hukumu hiyo imo katika damu ya binadamu tangu azaliwapo, au huipata kwa malezi na mafundisho? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Kama ubaguzi ni wa kuzaliwa, basi sheria, shule na vitabu haviwezi kuuondoa. Vyaweza kuuficha tu. Kama ni wa kufundishwa, basi yupo aliyeufundisha na ipo njia aliyoitumia, na sisi walimu twastahili kuulizwa kila siku tunafundisha nini.

Katika makala haya tutalichunguza swali hilo kwa kuitazama tamthilia ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu. Tamthilia hiyo ni Mabepari wa Venisi, iliyotungwa na William Shakespeare yapata mwaka 1596 au 1597, ikatafsiriwa na Hayati Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Kisa chake ni maarufu. Antonio, mfanyabiashara Mkristo wa Venisi, anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi, ili amsaidie rafiki yake Bassanio aende kumposa Portia. Mkataba wasema kwamba deni lisipolipwa kwa siku yake, Shylock ana haki ya kukata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Deni halilipwi kwa siku yake. Mbele ya mahakama Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anaugeuza mkataba huo umwangamize aliyeuandikisha. Shylock anapoteza kesi na mali, na analazimishwa kuiacha dini yake.

Kwa karne nne wahakiki wamebishana kama mchezo huu unawachukia Wayahudi au unawatetea. Sisi hatuna nia ya kuumaliza ubishi huo. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba mchezo huu, pamoja na historia iliyouzaa, ni ushahidi wa jinsi ubaguzi unavyofundishwa.

Tuanze na watazamaji wake wa kwanza. Wayahudi walifukuzwa Uingereza na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1656. Maana yake ni kwamba mchezo ulipochezwa London, palikuwa pamepita miaka mia tatu tangu Wayahudi waondolewe katika nchi ile. Walikuwako wachache tu wenye asili hiyo, na hao waliishi kama Wakristo. Mtu wa kawaida wa London alikuwa hajapata kumwona Myahudi hata mmoja aliyejulikana hivyo, wala kununua kwake, wala kugombana naye. Hata hivyo alikwenda katika jumba la michezo akiwa tayari anamchukia.

Chuki hiyo aliitoa wapi? Haiwezi kuwa ilitoka machoni, kwani macho hayakuwa yameona kitu. Aliitoa katika mahubiri, katika hadithi za kutungwa za Wayahudi wanaoua watoto wa Kikristo, na katika michezo iliyotangulia, kama The Jew of Malta wa Christopher Marlowe. Mwaka 1594 daktari wa Malkia Elizabeth, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi, alinyongwa kwa tuhuma ya kutaka kumtilia malkia sumu, na asili yake ikawa jambo la kushangiliwa mbele ya umati. Mtu aweza kurithi mambo mengi kutoka kwa wazazi wake, lakini hawezi kurithi katika damu chuki dhidi ya watu ambao babu wa babu yake hakuwaona. Chuki ya namna hiyo hupita mdomoni na kuingia sikioni. Hiyo ndiyo maana ya kufundishwa.

Ushahidi wa pili ni wa mavazi. Wanaosema kwamba ubaguzi ni wa kuzaliwa hudai kuwa binadamu, kama mnyama, humtambua asiyefanana naye na kumkimbia au kumshambulia papo hapo. Basi na tutazame Ulaya ilivyofanya. Mwaka 1215 mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Laterani, Roma, uliagiza kwamba Wayahudi na Waislamu wanaoishi katika nchi za Kikristo wavae mavazi ya kuwatofautisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba bila hivyo watu walichanganyikana wasijuane. Venisi yenyewe iliwaamuru Wayahudi wavae alama ya rangi ya manjano, na baadaye kofia ya rangi maalumu. Mwaka 1516 serikali ya mji huo iliwakusanya katika kisiwa kimoja kilichoitwa Geto, jina ambalo baadaye lilienea duniani kote. Malango yake yalifungwa usiku, na mishahara ya walinzi walilipa Wayahudi wenyewe.

Tuyapime mambo hayo. Kama tofauti ingalikuwa dhahiri kwa maumbile, kofia ingalikuwa ya nini? Kama watu wangalichukiana kwa asili, malango na makufuli yangalikuwa ya nini? Ukuta hujengwa mahali ambapo watu, wakiachwa wenyewe, watauziana samaki, watakopeshana, wataoana. Watawala wa Venisi waliyajua hayo vizuri kuliko wanafalsafa waliokuja baadaye.

Msomaji aweza kusema kwamba Uyahudi ni dini na wala si rangi, na kwa hiyo mfano wetu haufai. Pingamizi hilo lina uzito, na mchezo wenyewe waliunga mkono kwa kiasi fulani, maana mahakama ya Venisi yaamini kwamba Shylock akibatizwa jambo limekwisha. Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1449 mji wa Toledo huko Hispania ulitunga sheria ya kuwanyima vyeo Wakristo waliokuwa na asili ya Kiyahudi, hata kama walikuwa wamebatizwa. Hapo dini iligeuzwa kuwa damu. Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilitunga sheria za Nuremberg, na kanuni zilizofuata zikamhesabu kuwa Myahudi mtu yeyote aliyekuwa na babu na bibi watatu au wanne Wayahudi. Na hao babu na bibi walijulikanaje? Makarani hawakupima damu, kwani hapakuwa na damu ya kupimwa. Walifungua madaftari wakaangalia nani alikuwa mwanajumuiya wa sinagogi. Mwezi wa Septemba 1941, Wayahudi wa Ujerumani waliamriwa kushona nyota ya manjano katika nguo zao. Serikali iliyohubiri kwamba tofauti ya asili huonekana usoni ililazimika kutumia sindano na uzi ili tofauti hiyo ionekane. Asili ya damu, katika kisa hiki, ni kitu kilichotengenezwa na makarani.

Sasa tuingie katika mchezo wenyewe. Hotuba inayojulikana zaidi ni ile ya sehemu ya tatu, ambamo Shylock anawauliza marafiki wa Antonio kama Myahudi hana viungo, hisia na mahitaji kama ya Mkristo. Walimu wengi huitumia hotuba hiyo kuonyesha usawa wa binadamu, na hawakosei. Lakini aghalabu huishia katikati. Mwisho wake ndio unaotuhusu zaidi, maana Shylock anasema waziwazi kwamba kisasi anachokusudia amejifunza kwa Wakristo, na kwamba atajitahidi kuwapita walimu wake. Hajidai kuwa mwema. Wala hasemi kwamba ukatili wake ni wa kabila lake. Asema ni somo alilofundishwa na Antonio, mtu aliyemwita mbwa, akamtemea mate ndevuni, na ambaye hata alipokuja kukopa alitamka kwamba yuko tayari kumtemea tena.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Shylock si malaika aliyeharibiwa. Tangu anapotokea mara ya kwanza anakiri moyoni kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa Antonio hukopesha bila riba na hivyo kumharibia biashara. Kwa hiyo chuki inakwenda pande zote mbili, na imefungamana na fedha. Lakini na hili nalo lina historia yake. Katika Venisi Myahudi hakuruhusiwa kumiliki nyumba wala ardhi. Aliachiwa kukopesha fedha, kuuza nguo kuukuu, na utabibu. Jamii ilimfungia milango yote isipokuwa ule wa riba, kisha ikasema kwamba kupenda riba ni tabia yake ya kuzaliwa. Huo ndio mzunguko wa ubaguzi mahali popote: mtu hulazimishwa kuwa kitu fulani, kisha hulaumiwa kwa kuwa kitu hicho.

Mchezo watupa pia kipimo cha methali yetu ya kwanza. Jessica ni binti wa Shylock. Kama mtoto wa nyoka ni nyoka, basi Jessica naye angepaswa kuchukiwa. Kinyume chake, anapotoroka na mali ya baba yake na kuolewa na Lorenzo, Wakristo wanamkumbatia. Mmoja wao anathubutu hata kumwambia Shylock usoni kwamba nyama yake na ya binti yake hazifanani hata kidogo. Basi damu iko wapi? Watu wa Venisi huikumbuka damu wanapotaka kumfungia mtu nje, na huisahau wanapotaka kumwingiza pamoja na sanduku lake la dhahabu. Kitu cha maumbile hakisahauliki kwa urahisi namna hiyo.

Kwa msomaji wa Kiafrika wako watu wengine wa kuangaliwa. Mfalme wa Moroko anakuja kumposa Portia, na neno lake la kwanza ni kuomba asichukiwe kwa rangi ya ngozi yake. Portia anamjibu kwa adabu. Akishindwa na kuondoka, Portia anatamani wote wenye rangi ile washindwe vivyo hivyo. Portia huyu ndiye atakayesimama mahakamani baadaye na kutoa maneno matamu juu ya huruma. Huko mahakamani Shylock anawakumbusha wakubwa wa Venisi kwamba wana watumwa walionunuliwa, wanaotumikishwa kama punda na mbwa, na anauliza kama wako tayari kuwaachia huru na kuwaoza watoto wao. Hakuna anayemjibu. Wanahakiki wengi hupita sehemu hiyo haraka, kana kwamba ni hila ya mwanasheria. Sisi twaiona kuwa kiini cha kesi nzima. Mahakama inayomlaani mtu mmoja kwa kudai ratili ya nyama imekaa kimya juu ya miili mizima iliyonunuliwa sokoni.

Hatuna budi sasa kuwasikiliza wa upande wa pili. Wako wataalamu waliochunguza watoto wachanga. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2005 ulionyesha kwamba mtoto mwenye umri wa miezi mitatu hutazama kwa muda mrefu zaidi nyuso zinazofanana na za watu wa nyumbani kwake. Na Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika katika Vita Kuu ya Pili, alifanya majaribio na wavulana wa shule katika mji wa Bristol, akayatangaza mwaka 1970. Aliwagawa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, wakaambiwa kwamba kila kundi limependa picha za mchoraji fulani. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha kwa wenzao, waliwapendelea wa kundi lao, ingawa wao wenyewe hawakupata faida yoyote. Je, huo si ushahidi kwamba ubaguzi ni wa kuzaliwa?

Tukiyatazama kwa makini, mambo hayo yasema kinyume. Uchunguzi ule wa 2005 ulionyesha vilevile kwamba watoto waliozaliwa siku chache tu zilizopita hawakuwa na upendeleo wowote wa nyuso. Na mwaka uliofuata ulichapishwa uchunguzi mwingine, uliofanywa Israeli na Ethiopia, ukaonyesha kwamba watoto wa asili ya Ethiopia waliolelewa Israeli kati ya watu weusi na weupe hawakuwa na upendeleo huo hata walipofika miezi mitatu. Tena, kutazama uso uliouzoea hakuwi bado kumchukia mwenye uso mwingine. Ama wavulana wa Bristol, wao walipendeleana kwa mpaka uliobuniwa na mtu mzima asubuhi ile ile. Tunakubali, basi, kwamba binadamu huzaliwa na uwezo wa kuzoea na wepesi wa kujiunga na kundi. Lakini kundi lipi, mpaka upi, na nani awe nje ya mpaka, hayo hajazaliwa nayo. Huambiwa. Udongo ni wa maumbile, ila chungu hufinyangwa na mfinyanzi.

Imebaki tuizungumze tafsiri yenyewe, na hasa jina lake. Mwalimu Nyerere hakuuita mchezo huu kwa jina la mfanyabiashara mmoja, kama lilivyo la asili, bali kwa jina la mabepari, wote kwa wingi. Ilikuwa miaka miwili tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa jina hilo Antonio, Bassanio na Shylock wamewekwa katika kapu moja, na msomaji anaalikwa kuona kwamba tatizo la Venisi ni mfumo wa fedha unaogeuza nyama ya mtu kuwa dhamana, na si ukoo wa mtu mmoja. Jambo hili lapatana na msimamo ambao mfasiri aliushikilia nje ya fasihi. Mwezi wa Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia wa Tanganyika, wako waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa katakata na kusema kwamba serikali yake ingejiuzulu hoja hiyo ikipita. Na siku chache baada ya Azimio aliandika gazetini kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja.

Hata hivyo twaona kwamba jina hilo lina hatari mbili. Kwanza, laweza kuufunika ubaguzi kwa blanketi la uchumi. Antonio na Shylock ni mabepari wote wawili, lakini ni mmoja tu aliyetemewa mate, na ni mmoja tu aliyefungiwa lango usiku. Tabaka halielezi yote. Pili, neno bepari lenyewe limetoka katika lugha za Bara Hindi, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara tu. Katika masikio ya watu wetu neno hilo liliwahi kuleta sura ya mwenye duka Mhindi kabla ya kuleta sura ya mfumo wowote. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kumsoma Shylock, akacheka, na kumwona jirani yake wa mtaani. Hatari hiyo haikuwa ya kinadharia. Mwezi wa Agosti 1972, miaka mitatu baada ya tafsiri kutoka, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Hakuuliza nani mnyonyaji na nani mwalimu wa shule au fundi cherehani. Aliuliza asili.

Ndipo tunaposema kwamba namna ya kuufundisha mchezo huu si jambo dogo. Mwaka 1943 mchezo huu huu uliwekwa jukwaani Vienna chini ya utawala wa Hitler, Werner Krauss akicheza Shylock kama kiumbe wa kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji ule walikuwa wakipelekwa kuuawa. Maneno yalikuwa ya Shakespeare. Somo lilikuwa la wauaji. Maandishi peke yake hayakuweza kujilinda, na hayataweza kujilinda darasani mwetu kama mwalimu atayaacha yajiseme yenyewe.

Sisi wenyewe twajua shule ya ubaguzi ilivyo. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na watoto walisoma somo la kwanza kabla hawajafungua kitabu, kwa kuona tu nani anaingia lango lipi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 hata kura iligawanywa kwa rangi, kila mpiga kura akitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Shule hizo zilianza kuunganishwa mwaka 1962. Lango la ubao laweza kuondolewa kwa amri ya siku moja, lakini lile lililojengwa katika mazoea ya kusema na kucheka huondolewa kwa kazi ya miaka mingi.

Kazi hiyo ni ya mwalimu. Anaposoma Mabepari wa Venisi na wanafunzi wake, asikilize darasa linacheka wapi. Likicheka Shylock anapotukanwa, na asimamishe kusoma, aulize kicheko hicho kimetoka wapi, na nani alikileta darasani. Awaulize wanafunzi ni watu gani wanaosemwa vibaya katika mitaa yao ambao wao wenyewe hawajapata kuketi nao. Awaulize pia kwa nini hakuna aliyemjibu Shylock juu ya watumwa. Wakiyajibu maswali hayo kwa ukweli watakuwa wamejifunza zaidi ya tamthilia.

Methali ya mtoto wa nyoka tuwaachie nyoka. Binadamu hatagi mayai ya chuki. Chuki ya rangi yadai mahubiri, kofia, malango, madaftari na vicheko, na ikikosa hayo kwa kizazi kimoja au viwili hunyauka. Kwa kuwa inafundishwa, hakuna anayeweza kujitetea kwamba ndivyo alivyoumbwa. Na kwa kuwa inafundishwa, walimu wanayo nafasi ya kukataa kuifundisha.